Kofi Ambalo Zakia Hakulipiga

Kila alfajiri, kabla majirani zao wa Mabatini hawajaanza kuburuta ndoo, Zakia Mashimba alikuwa ameshaamka. Alijaza birika maji ya dumu, akachuchumaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba na kutia udhu, akaswali na mama yake, kisha akachemsha chai wakati mama akifunga gunia la dagaa wa kupeleka sokoni Mkuyuni. Hakuna aliyemsukuma. Mama alijivunia sana jambo hilo, na kusema kweli alilitangaza kupita kiasi, hata kwa wateja waliokuja kununua dagaa tu na kuondoka zao.

Shuleni mambo yalikuwa hayohayo. Zakia alikuwa darasa la sita, na kwa miaka yote hakuna msichana aliyewahi kumpita katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Aliyesahau nguzo za udhu alimuuliza Zakia. Aliyekwama katikati ya tahiyatu aliitazama midomo ya Zakia. Hakuwa mtoto mbaya hata kidogo, ila alikuwa amezoea kuwa wa kwanza mpaka akadhani nafasi ile imeandikwa jina lake.

Kisha akaja Tausi.

Tausi Luhende alihamia shuleni hapo mwanzoni mwa mwaka. Tangu utotoni alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bernadeta, kule Bujora, na bibi huyo ni Mkristo anayeimba kwaya kanisani. Baba yake Tausi, Mwislamu na fundi wa pikipiki hapa mjini, alipomchukua akaishi naye, binti hakujua hata rakaa ni kitu gani. Siku za mwanzo alisimama kando ya Zakia kwenye swala. Zakia akiinama, naye anainama. Zakia akiinuka, naye anainuka. Zakia alifurahi kuigwa. Wakati wa mapumziko alimfundisha tahiyatu neno kwa neno, huku wakimenya karanga chini ya dirisha la darasa.

Tatizo ni kwamba Tausi alijifunza. Alijifunza haraka, tena vizuri, na muhula wa pili ulipofika hakuhitaji kuitazama midomo ya mtu yeyote. Walimu walipomsifu, Zakia alitabasamu kwa meno tu. Zile karanga za mapumziko nazo zikakoma polepole, na Tausi wala hakuelewa ni kwa nini.

Siku moja Mwalimu Hidaya, aliyekuwa akiwafundisha wasichana somo hilo, aliingia darasani na karatasi zake za alama.

"Wiki hii hakuna kuandika," alisema. "Tunafanya mtihani wa vitendo. Leo udhu. Kesho na keshokutwa tutaswali adhuhuri kwa jamaa hapahapa darasani, mmoja akiongoza na wengine wakimfuata. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayewaongoza wasichana siku ya wazazi, mama zenu wakiwa hapa wanaangalia."

Darasa zima liligeuka kumtazama Zakia, naye akainamisha macho kwa unyenyekevu wa kujifanya. Nani mwingine, kama si yeye?

Walitoka hadi kwenye bomba la shule. Kila mmoja alipewa kopo la maji, aongeze akiishiwa. Ilipofika zamu yake, Zakia alitaka mwalimu aone jinsi alivyozoea. Alinawa mikono, akasukutua, akapandisha maji puani, akanawa uso na mikono upesi upesi, akafuta kichwa na masikio, akamalizia miguu, maji yakiruka huku na huku. Aliongeza kopo la pili. Alipomaliza alisimama wima akisubiri sifa.

"Kiwiko, Zakia," alisema Mwalimu Hidaya kwa upole. "Cha kushoto. Maji hayajafika."

Zakia alikitazama kiwiko chake. Kilikuwa kikavu kabisa, tena chenye vumbi. Wasichana wawili watatu walicheka kidogo.

Tausi alifuata. Hakuwa na haraka. Alimimina maji kidogo kidogo, akayafikisha kila yanapotakiwa kufika, akapitisha vidole katikati ya vidole vya miguu, na alipomaliza kopo lake lilikuwa bado na maji.

"Mmemwona mwenzenu?" mwalimu aliuliza. "Hajaacha sehemu, wala hajamwaga maji ovyo. Umejifunzia wapi, Tausi?"

"Bujora, mwalimu. Kisima kilikuwa mbali. Ukimwaga maji, bibi alikuwa anakurudisha ukachote mengine."

Wote waliangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Ni Zakia peke yake ambaye hakucheka. Wivu ulimchoma kifuani kama kidonda kilichotiwa chumvi. Hata kicheko kile alikiona ni cha kumsimanga yeye.

Wakati wa kurudi darasani, Mwajabu, jirani yake wa dawati, alimgusa bega. "Leo umepitwa, dada."

"Nani kapitwa?" Zakia alimjia juu. "Mtu bibi yake anaimba kwaya, halafu yeye ndiye wa kutufundisha udhu sisi?"

Neno lile lilikuwa baya, na alilijua kuwa ni baya tangu likiwa mdomoni. Lakini alilisema.

Jioni, nyumbani, mama alikuwa akipepeta dagaa kwenye ungo. "Mwalimu wenu amepita sokoni," alisema kwa furaha. "Ameniambia habari za siku ya wazazi. Nimeshawaambia akina mama wote pale, siku hiyo meza yangu imefungwa, nakwenda kumwona binti yangu akiongoza swala."

"Mama, bado hawajachagua."

"Watamchagua nani?" Mama alicheka. "Basi tu niache nifurahi."

Zakia hakusema lolote juu ya kiwiko, wala juu ya Tausi. Alikula ugali bila hamu. Kila alipokumbuka lile kopo lililobaki na maji, roho ilimuuma upya.

Siku iliyofuata, adhuhuri ilipoingia, madawati yalisogezwa ukutani na mikeka ikatandikwa. Mwalimu Hidaya aliketi kando na karatasi zake. Yeye angeswali baadaye.

"Leo anaongoza Tausi, kesho Zakia," alisema. "Kumbukeni, msichana anayewaongoza wenzake hasimami mbele peke yake kama imamu wa kiume, anasimama katikati ya safu ya kwanza. Na ninyi mnaofuata msidhani mmepumzika, kwa sababu nanyi nawapa alama. Imamu akisahau, wanaume nyuma yake husema 'Subhanallah'. Sisi wanawake tunafanyaje?"

"Tunapiga kofi!" darasa lilijibu, na mikono ikaonyesha: kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto.

"Vizuri. Na kumbukeni, hii si maigizo. Ni adhuhuri yenu ya leo, mbele ya Mwenyezi Mungu. Jipangeni."

Tausi alisimama katikati. Zakia alisimama kulia kwake, bega kwa bega. Kabla ya kuanza, Tausi alimnong'oneza: "Nashukuru uko hapa."

Zakia alijifanya hakusikia.

Swala ilianza. Adhuhuri husomwa kimyakimya, kwa hiyo kilichosikika ni takbira za Tausi tu na mikeka ikikwaruzika. Rakaa ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili vilevile, wakakaa tahiyatu ya kwanza, wakasimama. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na badala ya kumfikiria Mola wake, Zakia alikuwa akimkagua Tausi. Ameinama sawasawa. Mgongo umenyooka. Hakosei huyu? Hakosei kweli?

Katika rakaa ya tatu, upepo wa ziwani uliingia kwa nguvu na kulibamiza dirisha. Wasichana walishtuka. Tausi naye alishtuka, sauti yake ikapotea kidogo, kisha akaendelea. Wakasujudu, wakakaa, wakasujudu tena. Kisha Tausi, badala ya kusimama kwa ajili ya rakaa ya nne, alikaa tahiyatu ya mwisho.

Zakia alijua mara moja. Hakuwa na shaka hata chembe. Hii ni ya tatu, alijiambia, na mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka wenyewe kutoka pajani.

Kisha akaurudisha.

Nyuma yake alisikia msichana mmoja akianza kunyanyuka, akasita, akakaa tena. Zakia alibaki ametulia, macho kwenye mkeka. Muda ulikuwepo wa kutosha. Tahiyatu ni ndefu, na kofi moja dogo lingetosha kumwinua Tausi. Lakini kichwani mwake alishamwona mwalimu akikata alama, na mama akishangilia siku ya wazazi. Alihisi furaha kali, chungu, isiyo na raha ndani yake.

"Assalaamu alaykum warahmatullah," alisema Tausi akigeuza uso kulia, kisha kushoto. Safu zote zikafuata. Zakia naye akageuza uso wake, kulia na kushoto.

"Kila mtu abaki alipo," sauti ya Mwalimu Hidaya ilisikika haraka. "Msinyanyuke, msipige soga. Tausi, mmeswali rakaa ngapi?"

"Nne, mwalimu." Tausi alisita. "Nilipata shaka kidogo nilipokaa. Lakini Zakia yuko hapa kando yangu. Kama ningekuwa nimekosea, Zakia angepiga kofi."

"Hata mimi nilitaka kunyanyuka," alisema Mwajabu kutoka safu ya nyuma. "Nikamwona Zakia ametulia, nikajua mimi ndiye niliyechanganya."

Mwalimu aligeuka. Alimtazama Zakia. Wote walimtazama Zakia, kama walivyozoea kumtazama kila walipokwama, na Tausi alimtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeshika ukuta. Zakia alitamani atukanwe. Kuaminiwa vile kulimuumiza kuliko kiwiko kikavu na kicheko cha darasa zima.

"Ni tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Tumeswali tatu."

"Ni kweli, ni tatu," alisema mwalimu. "Muda mrefu haujapita. Aliyesahau hana dhambi. Simameni, mkamilishe rakaa iliyobaki, na kabla ya salamu msujudu sijda mbili za kusahau. Tausi, endelea kuwaongoza."

Wasichana walinyanyuka. Zakia alianza kunyanyuka pamoja nao, goti moja likiwa bado chini. Hapo ndipo sheria aliyoisoma zaidi ya wote ilipomrudia. Wenzake walitoa salamu kwa kusahau, swala yao ingali hai na inaweza kukamilishwa. Yeye alitoa salamu akijua. Alikata swala yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyelijua hilo. Akisimama tu na kusema "sikuwa makini", mambo yangeisha hapo.

Alikaa chini.

"Zakia, simama," alisema mwalimu.

"Siwezi, mwalimu." Machozi yalikuwa yamemfika. "Wenzangu wamesahau. Mimi sikusahau."

Mwalimu Hidaya alimwashiria atoke kwenye safu. Zakia alitoka na kwenda kukaa ukutani. Nafasi aliyoiacha ilibaki wazi kidogo, na kwa kuwa safu haitakiwi kuwa na pengo, msichana aliyefuata alisogea akaliziba. Zakia aliwaangalia wenzake wakiswali rakaa ya nne, wakisujudu zile sijda mbili, wakitoa salamu. Alijiona mdogo kuliko wote mle darasani.

Walipomaliza, alisimama peke yake kwenye kona ya mkeka akaanza upya, rakaa zote nne, tangu takbira ya kwanza. Aligeuka kutoa salamu akakuta Tausi amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi.

"Kumbe ulijua?" Tausi aliuliza.

"Nilijua."

"Ukaniacha tu?"

"Nilikuonea wivu. Nilitaka ukosee." Zakia aliona heri aseme lote. "Tangu jana nilitaka ukosee. Nisamehe, Tausi."

Tausi hakulia wala kugomba. "Mimi nyumbani nimewaambia kila kitu nimefundishwa na wewe," alisema, akavaa viatu na kuondoka. Zakia angependelea kofi la uso.

Mwalimu Hidaya alikuwa bado anakusanya karatasi zake. "Njoo hapa, Zakia. Nikuambie alama zako nisikufiche. Udhu umepata vizuri, ukiondoa kiwiko. Kuswali, vizuri sana. Kumfuata imamu, hukupata kitu. Tausi amekosea, lakini amerekebisha kama inavyotakiwa. Zamu yako ya kesho nimempa yeye, na siku ya wazazi pia yeye ndiye atakayeongoza."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umekaa chini wakati ungeweza kusimama na mimi nisijue. Hilo limenipa moyo juu yako. Lakini kamwambie mama yako mwenyewe, asilisikie kwangu."

Njia ya kwenda Mkuyuni ilikuwa ndefu siku ile. Mama alikuwa mezani kwake, na kando yake mama Perez, jirani yake wa biashara, akipanga mafungu ya dagaa wake. Zakia aliwaamkia wote wawili, "Shikamooni," akasimulia kila kitu bila kujipendelea, kuanzia kiwiko hadi sijda mbili. Mama alisikiliza akichambua changarawe kwenye dagaa, na uso wake ulibadilika mara kadhaa.

"Nimewatangazia watu bure," alisema mwishowe, kwa aibu. "Na mimi nimekutia kichwa kikubwa, nakubali." Kisha akaonyesha kwa kidole. "Unamwona mama Perez?"

"Niache mimi na dagaa wangu," alisema mama Perez akicheka.

"Huyu ana wateja wengi kuliko mimi. Wakipanga foleni kwake na mimi nimekaa hivi, roho inaniuma, sikudanganyi. Mwaka jana niliwaanika dagaa wangu pale nyuma, nikaenda hospitali na mdogo wako. Mvua ikaja. Yeye aliacha wa kwake walowe kwanza, akakimbia kuwafunika wangu na turubai, kwa kuwa mimi sikuwepo. Angeniacha wakaharibika wote, akauza peke yake siku hiyo. Nani angemuuliza?"

"Na yeye huwa haoni wivu?" Zakia aliuliza.

"Mimi?" mama Perez aliruka. "Mama yako akija na kitenge kipya silali, mwanangu!"

Wote watatu walicheka, na Zakia akafuta macho.

"Umesikia?" alisema mama. "Wivu haubishi hodi, unaingia tu. Hakuna atakayekulaumu kwa kuingiliwa nao. Tunakulaumu kwa kuutii. Mwenzako akiwa anakosea mbele yako na wewe unajua, mwambie kwanza. Huo wivu utapambana nao baadaye, ukiwa peke yako. Sasa kesho usimsubiri huyo Tausi akufuate. Umemkosea mbele ya darasa, kamwombe radhi mbele ya darasa."

Kesho yake, kabla kipindi hakijaanza, Zakia alisimama mbele na kusema aliyotakiwa kusema. Alisema pia lile neno baya juu ya bibi wa Bujora, ambalo Tausi hakuwa amelisikia. Hapo Tausi alikunja uso kweli.

"Bibi yangu ndiye aliyeninunulia ushungi huu," alisema. Akaurekebisha kichwani, darasa lote likisubiri. "Mwalimu, siku ya wazazi Zakia asimame kulia kwangu. Mwingine hata akijua nimekosea atanionea haya. Huyu sasa hatathubutu kunyamaza."

Darasa lilicheka, na Zakia akacheka huku uso ukimwaka. Haukuwa msamaha wote, lakini ulikuwa mwanzo wake.

Mwalimu Hidaya aliwatuliza. "Nimewapima kwa siku mbili," alisema, "udhu, kusimama, kurukuu, kusujudu. Vyote hivyo naviona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Kilichomo moyoni sikioni. Unaweza kusimama bega kwa bega na mwenzako, mkono wako ukigusa wake, huku unamwombea aanguke. Nimekaa hapa na karatasi zangu na nisingejua. Lakini swala yako ingejua. Kila mmoja wenu ajikague hapo mwenyewe, maana alama hizo mimi sina uwezo wa kuwapa."

Kisha akafunga karatasi zake, akawaambia watandike mikeka, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imeingia.